Orodha yangu ya Kwaresima ina mambo tisa, na najua yatanishinda

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, Mkatoliki tangu utotoni. Nawaandikia kabla ya Jumatano ya Majivu kwa sababu nimechoka kuharibu Kwaresima zangu. Kila mwaka naanza kwa kishindo. Ikifika wiki ya pili nimeshateleza kwenye jambo moja, basi nasusa yote, na Pasaka inanikuta nina aibu kuliko furaha. Mwaka jana niliacha sukari na kahawa kwa mpigo. Mume wangu akaniambia, kama anatania lakini hatanii, kwamba ni heri ninywe kahawa yangu kuliko nyumba nzima kufungishwa kwa lazima.

Safari hii nimeandika orodha. Naileta kama ilivyo: kuacha sukari; kuacha kahawa; kutoingia mitandao ya kijamii (usiku huwa naishia kwenye kurasa za ndugu zangu, hasa dada yangu, mpaka saa 6); kutokula chochote mpaka jioni kila siku isipokuwa Jumapili; rozari kila siku; Misa kila siku; kusoma Injili zote nne; Njia ya Msalaba kila Ijumaa; na kupatana na huyo dada yangu, ambaye hatuzungumzi vizuri tangu mambo ya mirathi ya baba.

Tatizo jingine, nina vidonda vya tumbo na daktari amenikataza kukaa na njaa muda mrefu. Je, nikila nitakuwa sijafunga? Jumapili zinahesabiwa au hazihesabiwi? Nikianguka naanza upya au ndiyo nimeshavunja? Nimwambie mtu, au ni siri yangu na Mungu kama Injili inavyosema? Na kubwa kuliko yote: mtu anachaguaje?

Mwenye orodha ndefu

JIBU

Milele na milele, amina.

Dada, shika kalamu, maana kuna kufuta kabla ya kuandika.

Cha kwanza kufutwa ni namba nne, kutokula mpaka jioni. Kwa mwenye vidonda vya tumbo mpango huo haufiki mbali: mchana asidi inachoma tumbo tupu, jioni unakula kwa pupa, usiku ni maumivu, na asubuhi yake unaamka ukiwa huna hamu ya sala wala ya mtu. Tena hakuna aliyekuagiza. Sheria ya mfungo katika Kanisa la Kilatini, yaani Wakatoliki wa mapokeo ya Roma, ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Siku za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na zinawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapotimiza 59. Kufunga kwenyewe, kwa mujibu wa hati ya Papa Paulo VI iitwayo Paenitemini ya mwaka 1966, ni mlo mmoja kamili kwa siku; kula kidogo asubuhi na jioni hakukatazwi. Kujinyima nyama ni jambo jingine: kunaanzia miaka 14, ni kila Ijumaa pamoja na Jumatano ya Majivu, na mayai na maziwa havimo katika katazo. Maaskofu wa kila nchi wana ruhusa ya kufafanua au kubadilisha baadhi ya haya (kanuni ya 1253 ya Sheria za Kanisa), kwa hiyo tangazo la parokiani kwako ndilo la kufuata.

Mgonjwa sheria hii haimbani, wala mjamzito, wala anayenyonyesha, wala mwenye kisukari ambaye akikosa mlo sukari yake inashuka. Huhitaji kibali cha padre ili umtii daktari. Siku hizo mbili wewe kula kwa saa ulizopangiwa, kidogo kidogo, chakula cha kawaida kabisa. Usiongeze mara ya pili, usitafune kitu kati ya milo kwa hamu tu, na nyama iache kama wenzako. Dawa zako meza kama kawaida. Hapo umefunga kadiri hali yako inavyoruhusu, na hakuna unachodaiwa.

Tumeanza na sheria kwa sababu moja. Ipo Kwaresima ya lazima, ambayo kwako ni nyepesi mno, na ipo ya hiari, ambayo wewe ndiye unayeitunga. Mtu akivunja ya hiari hujiona amevunja ya lazima, na hapo ndipo kususa kunapoanzia. Kahawa uliyokunywa Jumanne ya wiki ya pili haikuwa dhambi. Ulikuwa umeshindwa na mpango wako mwenyewe, na mpango hurekebishwa.

Sasa kuchagua. Orodha yako imeanza na vitu: sukari, kahawa, simu. Ianzishe na kilema, yaani tabia mbaya inayokushinda. Jioni moja kabla ya Jumatano ya Majivu kaa na karatasi tupu, nusu saa inatosha, ujibu maswali matatu kwa maandishi. Wiki hizi za karibuni nimekasirika au kusema vibaya mara nyingi kwa sababu ya nini? Ni saa ngapi ya siku huwa naikwepa sala, na muda huo naupeleka wapi? Nani, nyumbani au kazini, anaumizwa na tabia yangu? Andika matukio, usiandike sifa. “Mimi nina hasira” haisaidii kitu. “Nawafokea watoto kati ya kurudi kazini na chakula cha jioni” inasaidia, kwa kuwa ina saa na ina mtu.

Ukishapata matukio, tafuta mzizi wake katika vile vilema vikuu saba ambavyo katekisimu inavitaja: kiburi, ubahili, kijicho, hasira, uasherati, ulafi na uvivu wa kiroho. Sadaka unayoichagua ikae juu ya mzizi huo. Mwenye ulimi mkali haponi kwa kuacha soda. Ajinyime neno la mwisho kwenye kila mabishano, aone kama si kazi ngumu kuliko njaa. Mwenye ubahili aguse mfuko. Mwenye kiburi atafute kazi isiyoonekana, kama kuosha vyombo vya wenzake kazini asitangaze. Aliye mzito wa sala akatwe nusu saa ya usingizi wa asubuhi. Na mlafi, naam, huyo ndiye mwenye haki ya kuacha sukari.

Kwako sukari tungeiondoa. Ina kishawishi chake: inapimika, inaonekana, na inapunguza mwili. Anayepanda kwenye mizani kila Jumamosi kuangalia Kwaresima imefikia wapi anafanya lishe. Si vibaya, ila isiingizwe kwenye hesabu hii.

Kahawa nayo ilikuangusha kwa sababu ya kimwili kabisa. Mwili uliozoea kafeini ukinyimwa ghafla, kichwa huanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24, maumivu hupamba moto siku ya kwanza na ya pili, na yanaweza kuendelea mpaka siku 9. Pamoja na kichwa huja uchovu na hasira za karibu. Ukianza Jumatano ya Majivu, siku ambayo pia umepunguza chakula, unajitwisha mizigo miwili kwa siku moja, na watakaoilipa ni mumeo na watoto. Anayetaka kuacha kahawa apunguze kikombe kimoja kila baada ya siku tatu au nne, aanze wiki moja au mbili kabla, ili Majivu yamkute amekwisha kuvuka maumivu. Wewe, kwa tumbo hilo, muulize daktari kwanza. Akikwambia upunguze, hiyo ni tiba, na tiba haihitaji Kwaresima. (Maadamu tumegusa hili: anayekunywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla kwa ajili ya mfungo bila kumwona daktari. Kutetemeka na degedege vinaweza kumpata, na vinaua.)

Hoja ya mumeo ni nzito kuliko alivyoisema. Sadaka ikilipwa na watu wengine, imechaguliwa vibaya. Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu, sura ya 6 ya Mathayo, inamwagiza anayefunga ajipake mafuta kichwani na kunawa uso. Kama huwezi kuacha kitu huku uso wako nyumbani ukibaki mkunjufu, chagua kidogo zaidi au chagua kingine.

Tukiangalia orodha yako kwa jicho la yale maswali matatu, namba tatu na namba tisa ni jambo moja. Usiku unakaa mpaka saa 6 ukitazama kurasa za dada ambaye hamzungumzi. Hapo pana kinyongo, labda na kijicho, na panalishwa kila usiku kwa saa mbili tatu. Mambo mengine saba yangeweza kufanikiwa yote na hapa pasiguswe. Kwa hiyo Kwaresima yako tungeijenga hapa.

Ila “kutoingia mitandao ya kijamii” ni azimio lisilo na mpini. Azimio linaloshikika linataja kitu, saa, kiasi, kinachochukua nafasi yake, na lini halihusiki. Liandike hivi: “Kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi simu yangu iko jikoni kwenye chaji. Programu za mitandao nimezifuta kwenye simu. Mtu akiwa na dharura atampigia mume wangu. Saa 3 hiyo nakaa mezani na Injili, dakika 15, kisha namaliza siku na mume wangu.” Kila kipande kina sababu. Simu ikilala chumbani mkono utaifuata gizani, hata ukiwa umezima sauti. Programu zikibaki kwenye simu, utazifungua kwa mazoea kabla akili haijakumbuka kuwa ni Kwaresima. Kama unatumia simu kuamka, tafuta saa ya kengele kabla ya Jumatano, maana kisingizio cha kengele ndicho huirudisha simu kitandani usiku wa pili. Na ule muda usipopewa kazi, utaingia televisheni, na hutakuwa umebadilisha kitu.

Injili zote nne zina sura 89. Kwa siku 40 ni zaidi ya sura mbili kila siku, nawe utakuwa unakimbiza kurasa. Chukua moja. Marko ana sura 16. Nusu sura kwa siku, ukiacha Jumapili, ni vikao 32, na kati ya Jumatano ya Majivu na Jumamosi inayotangulia Dominika ya Matawi kuna siku 34 zisizo Dominika. Unazo mbili za akiba kwa siku mtoto atakapougua. Au fuata masomo ya Misa ya kila siku, kwa kuwa siku za juma za Kwaresima zina masomo yake yaliyopangwa kwa ajili ya toba. Chagua njia moja, usichanganye.

Hizo dakika 15 ziende hivi. Mbili za kwanza kaa kimya, omba mwanga. Soma kipande mara moja kwa sauti ya chini, halafu mara ya pili polepole zaidi, usimame kwenye neno au sentensi iliyokukwaruza. Kaa na neno hilo kama dakika tano: linamwambia nini mtu wa leo aliyekaa kwenye kiti hiki? Kisha mjibu Mungu kwa maneno yako mwenyewe, hata kama ni malalamiko. Malizia kwa kimya kidogo na Baba Yetu. Kinachoharibu kikao hiki kwa kawaida ni viwili. Kimoja ni kusomea kwenye simu, kwani ujumbe mmoja ukiingia kikao kimekwisha, tumia kitabu. Cha pili ni kungoja hisia. Usiku mwingi hutahisi chochote. Kaa mpaka dakika zitimie, kisha inuka.

Rozari ya makumi matano ni dakika 20 hivi, na Misa ya kila siku kwa mama mwenye kazi na watoto ni kuiba muda wa mtu. Kama rozari huna mazoea nayo, chukua Ijumaa peke yake, Matendo ya Uchungu. Misa ongeza siku moja ya juma juu ya Dominika, siku unayojua ratiba yako inaruhusu, na hata hiyo ikikuletea mbio nyumbani iache. Njia ya Msalaba ibaki. Ina vituo 14, inachukua kama nusu saa, ni ya pamoja na ina siku yake, kwa hiyo huhitaji nguvu ya peke yako kuikumbuka.

Sasa tazama kilichokosekana. Katika mambo tisa, manne ni ya kujinyima, manne ni ya sala, moja ni la dada yako, na hakuna hata moja linalomfikia maskini. Katekisimu, namba 1434, inaweka pamoja kufunga, sala na sadaka, kwa maana ya kugeuka mbele ya nafsi yako, mbele ya Mungu na mbele ya wengine. Isaya sura ya 58, inayosomwa Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu, ni kali zaidi: mfungo alioutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumvika aliye uchi. Ulichoacha kula kikibaki mfukoni mwako, umebana matumizi tu.

Njia yake ni bahasha. Chagua kitu kimoja kidogo unachokinunua mara kwa mara, kwa mfano kifurushi cha intaneti ambacho sasa hukihitaji usiku. Siku ile ile, saa ile ile ambayo ungekinunua, fedha hiyo itie kwenye bahasha. Usipige hesabu ya mwisho wa mwezi: wakati huo fedha imeshayeyuka kwenye matumizi na utatoa makisio badala ya sadaka. Juu ya bahasha andika itakwenda kwa nani, kabla ya Jumatano ya Majivu. Mtu au familia unayoijua ni bora kuliko “wahitaji”, kwa sababu ukiwajua utajua pia kama wanahitaji fedha, chakula, au mtu wa kukaa nao saa moja. Anayeishi kwa kubangaiza asitoe fedha ambayo watoto wanaihitaji, atoe saa. Kumtembelea mgonjwa ni sadaka.

Turudi kwa dada yako. Kumweka namba tisa, chini ya sukari, kunaonyesha ni wapi panauma. Wiki ya kwanza usimtafute. Mtaje kwa jina katika sala ya usiku, kila siku, pamoja na jambo moja jema aliloshawahi kukutendea. Likikosekana la ukubwani, tafuta la utotoni. Wiki ya pili andika ujumbe mfupi, mistari mitatu: salamu, kwamba unamkumbuka, na ombi la kuonana au kuongea kwa simu. Neno mirathi lisiwemo, wala neno “lakini”. Uandike jioni kwenye karatasi, uusome asubuhi, ndipo uutume. Mkikutana, mambo ya mali yasiguswe siku hiyo. Yakihitaji kikao kitafutwe kingine, pamoja na mzee au mtu wa tatu mnayemheshimu wote wawili. Kumsamehe hakukulazimu kuacha haki yako wala kusaini karatasi yoyote. Asipojibu, usimtumie wa pili haraka haraka, na usiende kwenye ukurasa wake kuangalia kama yuko hai. Endelea kumtaja usiku. Kanisa linakutaka uende ukapatane. Jibu lake si juu yako.

Kitubio kiweke katikati, wiki ya tatu au ya nne. Wanaongoja Juma Kuu hukuta foleni ndefu na padre aliyechoka, nao huungama kwa kukimbizana. Ukienda mapema unabaki na wiki mbili tatu za kuishi ulichoazimia.

Jumapili: kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Ondoa Dominika sita, zinabaki 40. Dominika hazifungwi, hata katika Kwaresima. Kwa majitoleo yako ya hiari hakuna sheria, lakini amua sasa, usingoje kuamua Jumapili yenyewe ukiwa na hamu. Ushauri wetu ni kwamba kilicho chakula kinaweza kulegezwa Dominika, kwa kiasi, bila kulipiza wiki nzima kwa siku moja. Kilicho kilema hakina mapumziko. Umbea wa Jumapili ni umbea. Simu yako ibaki jikoni siku zote saba, kwa sababu mazoea mapya yakikatwa kila baada ya siku sita hayashiki. Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, na ya Kupashwa Habari, 25 Machi, zikiangukia Ijumaa ya Kwaresima iliyo ya kawaida, katazo la nyama huondoka.

Kuhusu kuanguka, angalia kwanza ulichoahidi. Usiseme “naweka nadhiri”. Nadhiri ni ahadi nzito mbele ya Mungu yenye wajibu wake, nawe hukusudii hiyo. Sema “naazimia”. Ukiteleza, rudi saa ile ile. Siku haijaharibika kwa sababu saa moja imeharibika. Weka dawa moja ndogo isiyobadilika, kwa mfano kusali Zaburi ya 51 kabla ya kulala, basi. Usijiongezee adhabu ya kesho, kwa kuwa mzigo ukizidi kila unapoanguka, ndipo kunapokuja kule kususa unakokujua. Kila Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba jiulize kwa dakika kumi nini kimeshika na nini kinaanguka kila siku. Kinachoanguka kila siku ni kikubwa mno. Kikate nusu: simu iende jikoni saa 4 badala ya saa 3. Usikifute.

Nani aambiwe? Ile siri ya Mathayo inakataza kujionyesha, haikatazi kuongozwa. Mtakatifu Benedikto wa Nursia, katika sura ya 49 ya Kanuni aliyowaandikia wamonaki, anataka kila mmonaki amweleze abate wake, yaani mkuu wa monasteri, anachotaka kukitoa wakati wa Kwaresima, kwa sababu kinachofanywa bila idhini ya baba wa kiroho kitahesabiwa majivuno. Abate wako ni muungamishi wako. Mwonyeshe orodha, na akipunguza kitu kubali bila kubishana. Huenda hapo ndipo sadaka yenyewe ilipo. Mumeo ajue lile la simu, maana linamgusa. Wengine hawahitaji kujua, na kuaga mitandaoni kwa tangazo kwamba unaondoka kwa ajili ya Kwaresima ni kutafuta makofi.

Watoto wachague chao, kidogo, nawe usiwapangie. Sheria ya mfungo haiwahusu bado, lakini wazazi wana wajibu wa kuwafundisha maana ya toba. Mtoto akisema ataacha pipi na kumpa mwenzake, mwache afanye hivyo mpaka atakapochoka, kisha muulize kama anataka kuendelea.

Orodha yako basi, ukiacha rozari na Misa ya nyongeza ukizimudu, inabaki hivi: simu jikoni saa 3; Marko dakika 15; bahasha yenye jina; dada yako; Njia ya Msalaba Ijumaa. Mawili ya kwanza yanafuatana saa ile ile, kwa hiyo ni kama kazi moja.

Ikifika Juma Kuu usiongeze kitu. Bahasha iwe imefika kwa mwenyewe kabla ya Alhamisi Kuu, ili naye aandae Pasaka. Kiliturujia Kwaresima inaishia kabla ya Misa ya jioni ya Alhamisi hiyo. Mfungo wa Ijumaa Kuu ni wa Pasaka yenyewe, na Mtaguso wa pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, unashauri uendelezwe Jumamosi Kuu kwa wanaoweza. Wewe kula kwa saa zako. Mkesha wa Pasaka ni mrefu na unafanyika usiku, kwa hiyo panga mapema nani atakaa na watoto, au walaze mchana, na mkoba wako uwe na kitu cha kutuliza tumbo: kufunga saa moja kabla ya Komunyo hakumhusu mgonjwa.